Chuma cha Nyuma

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa kiwanda siku ya Jumatatu asubuhi, na kufikia alasiri Devotha alikuwa sebuleni kwangu Bigwa, amelinakili kwa mkono na kulikunja mara nne.

Devotha ni binti wa marehemu mdogo wangu Paskalia. Kwa hiyo mimi ni mama yake mkubwa. Mwaka huo, 1996, alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameendesha foklifti katika kiwanda cha kamba kule Kihonda. Kwa msomaji ambaye hakubahatika kuiona, foklifti ni gari fupi la kiwandani lenye meno mawili marefu ya chuma kwa mbele. Meno hayo huingia chini ya mzigo, huuinua, huupeleka panapotakiwa na kuupanga juu ya mwenzake. Katika kiwanda hicho mizigo ilikuwa marobota ya katani, kila moja kilo mia mbili na hamsini.

Kiwanda kilikuwa cha umma. Milango ya biashara ilipofunguliwa, kamba za nailoni zilijaa sokoni, za bluu, za njano na za kila rangi, na kamba yetu ya katani ikabaki kufungia mbuzi. Mashine zilisimama karibu miaka miwili. Hatimaye kiwanda kiliuzwa kwa mtu binafsi, naye alitoa tangazo hilo: madereva wawili wa foklifti waliosalia, Devotha na mwenzake Salum, wangefanyiwa usaili, na mmoja tu angebaki.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Kaa kwanza, kisha uheme."

"Usaili ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kwa Kiingereza."

"Kiingereza hakijamuua mtu. Soma nisikie."

Alisoma kwa kujikwaa. Nafasi iliyotangazwa ilikuwa ya dereva wa "counterbalance forklift truck". Mwombaji alitakiwa aeleze kwa Kiingereza jina, kazi na mipaka ya mtambo huo, kisha auendeshe mbele ya meneja.

"Kuendesha hakunitishi," alisema. "Nikifumbwa macho nitakupangia marobota matano kwenda juu. Kinachonitisha ni hilo jina refu. Sisi tunaita foklifti, basi. Niandikie majibu, Mama Mkubwa, niyakariri. Salum ameandikiwa na mtu wa mjini, kurasa mbili nzima. Anazitembeza midomoni kama rozari, na yeye ni Mwislamu."

"Sikuandikii."

"Mama Mkubwa!"

"Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja, na sikumpa alama mtoto yeyote aliyekariri asichokielewa. Wewe hutakuwa wa kwanza kwa sababu tu nilikubeba mgongoni. Kesho saa kumi uje na daftari na kalamu. Na utakaposema, utasema kwa sentensi kamili."

Alikuja saa kumi kasoro dakika tano, jambo lililonipendeza, ingawa sikumwambia.

Tulianza na kamusi. Nilimtaka ayashughulikie maneno moja moja, kisha ayaunganishe, kwa kuwa Waingereza hupenda kuweka maneno kwenye foleni mbele ya jina ili kila moja libainishe jambo fulani. Neno la mwisho lilikuwa gari. Lililotangulia lilikuwa na sehemu mbili, uma na kuinua: gari linaloinua kwa uma. Nilimweleza kwamba katika mazungumzo Mwingereza naye hulikata jina, husema forklift peke yake, kama yeye na wenzake walivyozoea. Lakini katika kitabu, katika bima na katika usaili jina huandikwa lote, kwa sababu zipo foklifti za aina nyingi na kila moja ina tabia yake.

"Kwa hiyo wao waliona uma, sisi tukaona meno," alisema Devotha akicheka. "Sote tulikuwa tunawaza chakula."

"Andika."

Kisha tulifika kwenye lile neno la kwanza, lililomtisha. Kamusi yangu ilisema ni uzito unaowekwa upande mmoja ili kusawazisha uzito wa upande wa pili. Nilimsomea mara mbili. Uso wake ulifunguka.

"Basi hilo nalijua! Hao ni kina Kondo."

"Kondo ni nani?"

Akanieleza utaratibu wa kiwanda, nami nauandika hapa kama alivyouleza. Foklifti ilipobeba mzigo mzito kupita kiasi, magurudumu ya nyuma yaliinuka kutoka sakafuni, na gari likabaki limeinama kama mtu anayetafuta sindano. Hapo dereva alipaza sauti: "Wazito, pandeni!" Wapakiaji watatu au wanne wenye miili waliacha walichokuwa wakifanya, wakarukia nyuma ya gari, wakakalia kile chuma kikubwa kilichopo huko, na magurudumu yakarudi chini. Kondo ndiye aliyekuwa mkuu wa wazito. Alikuwa na kilo mia moja na kumi, zilizopimwa kwenye mizani ya marobota, na kwa heshima ya kazi hiyo jiko la kiwanda lilimpa sahani ya pili ya ugali kila mchana. Hata uwezo wa gari walikuwa wakiuhesabu kwa watu. Mzigo wa tani tatu uliitwa mzigo wa watu wawili. Tani tatu na nusu, watu wanne.

"Kumbe hata Wazungu wanawajua wazito," alisema Devotha kwa furaha. "Wamewatia kabisa kwenye jina."

Alitunga sentensi ya Kiingereza kuhusu jambo hilo, akisema kwamba uzito wa kusawazisha ni watu watatu wanaokaa nyuma. Niliisoma. Kiima kilikuwa mahali pake, kitenzi kilipatana nacho, hapakuwa na kosa la herufi hata moja. Niliweka alama ya vema kwa wino mwekundu, na sote wawili tukanywa chai tukiwa tumeridhika.

Hilo lilikuwa kosa langu, na sitalificha.

Siku ya tatu Devotha alikuja na kitabu. Alikuwa amekitoa stoo ya kiwanda, chini ya mabomba mabovu. Kiliachwa na mafundi wa kigeni waliokuja kufunga mitambo, na tangu siku hiyo hakuna aliyekifungua ila panya, ambao walikuwa wamefika ukurasa wa tisa. Alikuwa akikipekua ili anionyeshe picha ya gari lake. Ghafla akaweka kidole kwenye ukurasa mmoja.

"Mama Mkubwa, hebu nisomee hapa."

Palikuwa na mchoro wa gari likitazamwa ubavuni. Mshale ulielekea kwenye kile chuma cha nyuma, kile walichokuwa wakikikalia wazito, na jina la mshale huo lilikuwa lile lile la uzito wa kusawazisha. Hapakuwa na mtu yeyote katika mchoro. Chini yake palikuwa na mchoro mwingine. Huo ulikuwa na mtu, amesimama nyuma ya gari akiwa ameshikilia mlingoti wa paa lake, na juu ya mtu huyo palichorwa mistari miwili minene ya kukatisha. Nilimsomea maelezo polepole, kisha nikayarudia kwa Kiswahili: chuma hicho kimepimwa na mtengenezaji pamoja na minyororo, ekseli na meno ya mbele; uwezo wa gari umeandikwa kwenye kibati kilichopigiliwa ubavuni; ni marufuku kuongeza uzito wowote nyuma, na hasa watu.

Devotha aliinuka, akaenda jikoni kwangu, akarudi na mbuzi ya kukunia nazi. Akaiweka sakafuni, akaikalia.

"Nikikaa hivi, haiinuki," alisema, kama anayejifundisha mwenyewe. "Mimi ndiye uzito wa nyuma. Nazi iko mbele, mimi niko nyuma, tunalingana." Akainama, akabonyeza ule ulimi wa chuma wenye meno kwa mkono wake. "Lakini mtu akiweka jiwe la kusagia hapa mbele, akaniambia niite shoga zangu waje kunikalia mapajani, mbuzi haitainuka, ni kweli. Itakatika hapa shingoni."

"Itakatika."

"Yule mkaaji wa foklifti ni chuma. Alishakaa tangu kiwandani kwao. Sisi tulikuwa tunamrundikia watu mapajani."

Niliona kwamba ameelewa kuliko mimi. Mimi nilijua Kiingereza; yeye alilijua gari, na siku hiyo viwili hivyo vilikutana sakafuni kwangu. Hata hivyo hakufurahi. Aliendelea kukaa juu ya mbuzi, mikono magotini.

"Unamkumbuka Lukasi?"

Nilimkumbuka. Alikuwa mpakiaji, mtu wa Mgeta, mpole. Mwaka 1989 alipondwa mguu wa kushoto kazini, akapewa barua ya kuacha kazi, akarudi kwao mlimani kulima kabichi.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha," alisema Devotha. "Ulikuwa mzigo wa watu wanne. Niliwaita mimi, kwa sauti yangu. Mnyororo ulishtuka, mzigo ukateleza mbele ukaanguka, mkia wa gari ukashuka kama shoka. Wenzake waliruka. Yeye mguu wake ulikuwa chini. Msimamizi aliandika ripoti kwamba mpakiaji alizembea, hakukaa vizuri. Nikatia saini. Mama Mkubwa, niliamini! Nilisema moyoni, kweli, angekaa kama Kondo asingeumia. Na kila msimu Lukasi hunitumia kabichi mbili kwa watu wa basi la Mgeta."

Chai yake ilipoa. Sikumbembeleza, kwa kuwa hakuwa amekuja kubembelezwa.

"Ijumaa wakiniuliza mipaka ya mtambo, niseme nini?"

"Utasema lililo kweli."

"Likininyima kazi?"

"Litakunyima kwa sentensi kamili."

Akanitazama, kisha akacheka kicheko kifupi cha mama yake, Paskalia mtupu. Kesho yake alikwenda kiwandani na kisu na kopo la mafuta ya taa. Kibati cha ubavuni kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani pamoja na gari zima kila alipotarajiwa mgeni wa serikali, na wageni hao walikuwa wengi. Alikwangua tabaka sita. Jioni alinifikishia tarakimu ameziandika kiganjani: kilo elfu mbili na mia tano. Pamoja nazo palikuwa na sharti kwamba mzigo ukae karibu na shina la meno, usining'inie nchani.

"Tani mbili na nusu," alisema. "Watu sifuri."

Ijumaa ya usaili nilikwenda mwenyewe. Mlinzi wa geti alikuwa na amri ya kutoruhusu wageni, lakini pia aliwahi kuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita.

"Shikamoo, Mwalimu. Una kibali?"

"Marahaba. Una kitambaa cha kufutia hiyo pua?"

Nikaingia. Nilipewa kigoda kivulini, karibu na mlango wa bohari, nikakaa na mwavuli wangu.

Meneja mpya aliitwa Yusufali. Alizaliwa hapa hapa mjini. Baba yake alikuwa na duka la misumari na rangi karibu na soko kuu, na wengi wetu tulijenga kwa misumari yake. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati la mikono mifupi, na Kiswahili chake hakikuwa na kasoro yoyote. Uani palikuwa na sanduku kubwa la mbao lililoletwa na lori kutoka bandarini alfajiri. Ndani yake mlikuwa na mashine mpya ya kusokota kamba, na ubavuni paliandikwa kwa rangi nyeusi: kilo 3,200. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika tangu asubuhi, na wingu lilikuwa likishuka upande wetu.

"Mtihani na kazi tutavifanya pamoja," alisema Yusufali. "Salum atalitoa sanduku hapa hadi kwenye mstari mweupe. Devotha atalitoa kwenye mstari hadi ndani. Mvua isilikute nje."

Salum alianza. Alikuwa mtu mzuri, mchangamfu, mwenye kofia nyekundu. Alizisema kurasa zake mbili bila kutua, na alipoulizwa swali ambalo halikuwamo, alizisema tena kuanzia mwanzo. Kisha akapanda garini, akaingiza meno chini ya sanduku, akavuta wenzo. Sanduku halikuinuka. Kilichoinuka ni mkia.

"Wazito, pandeni!"

Kondo alikuwa amekwisha kuanza kukimbia. Watu watatu walimfuata. Walikaa juu ya chuma cha nyuma kama wanaokwenda harusini, na Kondo akampungia mkono meneja mpya. Mkia ulishuka. Sanduku lilipanda shubiri moja kutoka chini, matairi ya mbele yakabonyea, minyororo ikalia, na msafara wote ukasogea pole pole hadi kwenye mstari mweupe. Salum alilitua bila kishindo. Wafanyakazi walipiga makofi, nami naungama kwamba ilikuwa kazi ya ustadi.

"Devotha," aliita Yusufali.

Alisimama kando ya gari lake na kueleza kwa Kiingereza. Alitaja jina lote. Alieleza maana yake: kwamba ni gari linaloinua kwa uma, na kwamba mzigo wa mbele husawazishwa na chuma kilichopo nyuma, magurudumu ya mbele yakiwa egemeo. Alitaja kazi zake. Alisahau neno moja, akasimama, akalizunguka kwa maneno mengine, akaendelea. Sikuwahi kumfundisha kufanya hivyo, alijua mwenyewe. Kisha akapanda kwenye kiti.

Kondo naye alipanda.

"Shuka, Kondo," alisema Devotha.

"Nishuke? Nani atashika mkia?"

"Mkia una mwenyewe. Shukeni wote."

Minong'ono ilianza. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba mwanamke ameingiwa na woga. Salum aliisogelea foklifti kwa tabasamu.

"Dada yangu, kama mkono umeingiwa na baridi leo, sema tu. Nitakusaidia, sitamwambia mtu."

"Baridi ipo juu mlimani, Salum. Hapa mimi nimeona namba."

Yusufali aliangalia saa, kisha wingu. "Mama, huu si wakati wa mjadala. Mzigo unatakiwa ndani."

"Utaingia, meneja. Lakini hautaingia hivi." Alishuka, akakigusa kibati kilichokwanguliwa. Meneja aliinama akasoma. Akainua macho, akasoma ubavu wa sanduku. Akarudi tena kwenye kibati.

"Salum ameliinua sasa hivi, sote tumeona," alisema.

"Ameliinua. Hata mimi nimeinua hivyo miaka kumi na miwili."

"Na nini kilitokea?"

Hapo angeweza kusema kwamba hakuna. Salum alikuwa akitikisa kichwa kumwashiria aseme hivyo, na alifanya hivyo kwa wema. Wote waliokuwa uani walijua habari ile na wote walikuwa na sababu ya kuinyamazia. Niliushika mpini wa mwavuli kwa mikono miwili.

"Mtu alipondwa mguu," alisema Devotha. "Anaitwa Lukasi. Nilimpandisha mimi kwenye chuma hiki mwaka 1989, na mzigo ulipoteleza kikamshukia mguuni. Ripoti inasema alizembea. Hakuzembea. Alikaa pale nilipomwita. Saini iliyoko kwenye ripoti ni yangu."

Kondo alishuka kutoka kwenye gari polepole, kana kwamba limepata moto.

"Unajua unamwambia nani maneno haya?" aliuliza Yusufali.

"Ninajua. Ninamwambia anayetaka kujua mipaka ya mtambo. Uliandika mwenyewe kwenye tangazo."

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya mbao za sanduku likaacha doa.

"Basi nionyeshe litaingiaje," alisema meneja.

Devotha alizunguka sanduku hadi alipoona bahasha ya nailoni iliyogongwa kwa misumari. Akatoa karatasi, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akinitupia jicho mara moja tu. Nilimwitikia kwa kichwa. Mashine ilikuwa imefungwa vipande viwili: mwili, kilo elfu mbili na mia tatu, na mota, kilo mia tisa.

"Kondo!"

"Naam, dada."

"Leta mtaimbo. Leo utatumia mikono badala ya makalio."

Watu walicheka, na kicheko hicho kiliwarudisha kazini. Mbao zilibanduliwa. Mota ilitoka kwanza, ikaingia bohari, ikatuliwa juu ya paleti, kitako cha mbao cha kuwekea mizigo. Kisha Devotha akauendea mwili wa mashine. Aliingiza meno hadi shinani, akashuka akatazama, hakuridhika, akarudi nyuma, akaingiza tena kwa pembe nyingine hadi chuma kikagusana na chuma. Akavuta wenzo. Mzigo ulipanda shubiri moja, na watu wote, pamoja na meneja, walikuwa wameinama wakitazama magurudumu ya nyuma.

Hayakubanduka.

Alipita mbele ya kigoda changu akielekea bohari, hatazami kushoto wala kulia, na mvua ikamwagika nyuma yake kama mgeni aliyefungiwa mlango.

Ndani ya bohari, mabati yakipiga kelele, Yusufali alimsogelea. Hakumpa pongezi, nami nilimheshimu kwa hilo. Alisema tu, "Jumatatu saa moja. Njoo na kile kitabu, tuone ni kurasa ngapi panya wametuachia. Na ile ripoti ya mwaka 1989 utaiandika upya, tuitume wanakohusika."

"Ndiyo, meneja."

Salum alikuwa wa kwanza kumpa mkono. Alinuna baadaye, kwa wiki mbili hivi, kisha akapata kazi ya kuendesha trekta kwenye mashamba ya miwa, anakosema hewa ni nzuri kuliko ya Kihonda. Kondo alibaki amesimama kando ya foklifti, akikipapasa kile chuma cha nyuma kama anayeaga.

"Devotha, dada yangu," alisema. "Kama huyu ndiye mzito mwenyewe, basi mimi miaka yote ile nilikuwa nani?"

"Abiria."

"Abiria!" Bohari nzima iliangua kicheko. Kondo naye alicheka, lakini alionekana bado ana hoja. "Na ile sahani ya pili?"

"Hiyo kawaulize wa jikoni. Haimo kitabuni."

Jioni hiyo nililifungua daftari la mafunzo yake. Ile sentensi ya watu watatu ilikuwapo, kiima mahali pake, kitenzi kikipatana nacho, na alama yangu nyekundu ubavuni. Niliikata alama hiyo kwa mstari, nikaandika kosa langu pembeni kwa mkono wa kusomeka, nikatia tarehe. Sijawahi kuacha daftari la mwanafunzi likiwa na kosa la mwalimu.

Ripoti ilituchukua jioni mbili. Ilikuwa ukurasa mmoja, na neno uzembe halikuwamo. Jumapili iliyofuata Devotha alipanda basi la Mgeta, na nakala ndani ya mkoba. Baada ya kituo cha mwisho alipanda kwa miguu hadi kwenye matuta ya kabichi, ambako Lukasi alikuwa akipalilia ameegemea gongo lake. Alimsomea ripoti yote amesimama, tangu tarehe hadi saini. Aliniambia kwamba Lukasi alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza jambo moja.

"Kazi wamekupa?"

"Wamenipa."

"Basi usimpandishe mtu."

Akainama kwenye tuta, akakata kabichi mbili kubwa, akazitia kwenye mkoba wake juu ya ile karatasi.